Doguudi yangu haichanui

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Raleigh, North Carolina. Mbele ya nyumba tuliyonunua kuna mti mdogo wa doguudi. Aprili mtaa mzima unapendeza kwa maua meupe, wangu unatoa majani tu, na kiangazi majani hayo yanakauka pembeni. Mume wangu huupogoa kila Februari, na mbolea ya nyasi tunaimwaga hadi shinani. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Maua yako yanaishia kwenye mkasi wa Februari. Doguudi (Cornus florida) hufunga vitumba vya maua ya mwakani tangu kiangazi. Majani yakishapukutika, Novemba hivi, angalia ncha za matawi: vitumba vya maua ni vya kijivu, vya mviringo, vimebonyea kidogo kama vifungo vya shati. Vya majani ni vyembamba, vimechongoka. Mwambie baba watoto mti huu hauhitaji kupogolewa kila mwaka. Tawi lililokufa litolewe. Jingine lisubiri maua yaishe.

Mbolea ya nyasi nayo iacheni. Nitrojeni yake inasukuma majani, maua yanabaki nyuma.

Kubwa kuliko yote, ng'oeni nyasi zilizouzunguka. Huu ni mti wa msituni, umezoea kukaa chini ya miti mirefu, na mizizi yake iko juujuu. (Hata ndugu yake wa kwetu, Cornus volkensii, makao yake ni misitu ya milimani kama Kilimanjaro.) Tandazeni majani makavu au magome yaliyosagwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini yasiguse shina. Hapo mashine ya kukata nyasi haitakuwa na sababu ya kusogea karibu. Naisisitiza hiyo mashine kwa sababu ikichubua gome, nondo hutaga mayai kwenye jeraha, na viwavi wake hula chini ya gome hadi mti ukauke. Piga magoti uchunguze shina lote. Ukiona unga kama wa msumeno kwenye nyufa, wamekwisha kuingia.

Majani kukauka pembeni ni kiu na jua la mchana. Mvua ikikosekana wiki nzima, mwagilia polepole, maji yazame. Na ukitaka kupanda wa pili, uweke upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi tu. Tafuta aina ya Appalachian Joy, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tennessee. Inastahimili ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga juu ya majani.