Jibu: Mtoto wa miaka 7 hagusi chai asubuhi

Habari dada. Umesema mwanao anaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule hapo Mbagala, na chai haishuki. Kabla ya kubadili chakula, angalia kwanza analala saa ngapi. Umri huo unahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akilala saa 4 usiku baada ya katuni, asubuhi hata njaa haijaamka.

Kwangu tuliwahisha chakula cha usiku, televisheni ikazimwa, saa 2 wapo kitandani. Siku za mwanzo ni vilio, usilegee! Asubuhi mpe kidogo tu: uji nusu kikombe au ndizi mbivu, na kiazi kitamu cha kuchemsha abebe shuleni. Akipungua uzito, mpeleke kituo cha afya wamwangalie.