Kusherehekea na wenyeji ugenini: jibu kwa mleta uzi, niliyoyaona Abidjan 2024

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama kundi la washkaji waliosafiri kuangalia mpira nje wanaweza kujichanganya na wenyeji usiku timu ya hao wenyeji ikibeba kombe, na kama ni salama. Naona waliotangulia kukujibu wamekutisha. Mimi nilikuwa Abidjan tarehe 11 Februari 2024 Ivory Coast walipochukua AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona. Inawezekana, tena sana. Ila msingoje filimbi ya mwisho ndipo mkatafute watu wa kushangilia nao. Ukitokea kombe limeshabebwa unakuwa mpita njia, na mpita njia usiku ule ndiye anayeibiwa simu. Ukikaa nao tangu mchana, ukafungwa bao pamoja nao, hakuna atakayejali pasipoti yako ni ya wapi.

Sisi tulikwenda kwa ajili ya Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania. Mechi mbili San Pédro kule pwani, ya tatu Korhogo kaskazini, na matokeo mnayajua: tulifungwa 3-0 na Morocco, 1-1 na Zambia, 0-0 na Congo (DRC), tukafunga virago. Wengi walirudi Dar. Sisi wachache wenye likizo iliyobaki tukateremka Abidjan, tukachukua vyumba mtaa wa Yopougon.

Tuliwakuta wenyeji wametoka msibani. Tarehe 22 Januari walikuwa wamepigwa 4-0 na Equatorial Guinea, tena kwenye uwanja wao wa Ebimpé. Kocha Jean-Louis Gasset akaondolewa, timu akaachiwa msaidizi wake Emerse Faé, na nchi nzima ikabaki kuomba matokeo ya wengine. Wakaokolewa na Morocco, waliomfunga Zambia 1-0 San Pédro. Ivory Coast wakapenya wakiwa wa mwisho kati ya timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi yao, na kwa siku kadhaa ukivaa jezi ya Morocco Abidjan hulipi kinywaji.

Sasa hapa ndipo sisi tulipopata mlango. Mwenzetu mmoja amekulia Bujumbura, Kifaransa anacho. (Changu mimi ni cha kuombea maji.) Tulikuwa tumekaa kwenye maquis, zile baa zao za wazi: viti vya plastiki, runinga imetolewa nje, bia unaagiza kwa mwenye baa, samaki unanunua kwa mama anayechoma pembeni. Mzee mmoja wa meza ya jirani, kofia ya rangi ya chungwa, akatuuliza Tanzania imefanya nini kwenye mashindano zaidi ya kufungwa. Mwenzetu akachovya kidole kwenye maji ya chupa, akaanza kuchora hesabu juu ya meza. Zambia wametolewa na pointi mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu Msuva wetu aliwafunga dakika ya 11, na Daka wao akaja kusawazisha dakika ya 88. Zambia wangetushinda sisi siku ile wangemaliza na pointi zisizopungua nne, na nyinyi wenye tatu na mabao matatu ya deni mngekuwa mnaangalia wageni wakicheza kwenu.

Mzee akaikagua ile hesabu mpaka maji yakakauka. Halafu akasimama, akawatangazia meza zote. Kuanzia hapo tukawa na kiti pale kila mechi: Senegal waliotolewa kwa penalti Yamoussoukro, Mali waliofungwa dakika za nyongeza Bouaké huku Ivory Coast wakiwa kumi uwanjani.

Ndiyo maana nasema jueni safari ya timu ya wenyeji kabla hamjafika, hasa walipoumia. Shabiki yeyote duniani atakukaribisha haraka zaidi ukimtajia kipigo chake kwa heshima kuliko ukimsifia nyota wake.

Siku ya fainali na Nigeria mpira ulianza saa mbili usiku kwa saa za kule, huku kwetu saa tano. Sisi saa nane mchana tulishakaa, na bado tulipata meza ya nyuma. Tulikula garba, yaani attiéké na jodari wa kukaanga. Attiéké ni muhogo uliosagwa, ukachachushwa na kupikwa kwa mvuke hadi ukawa chengachenga. Juu wanakatia kitunguu, nyanya na pilipili ambayo haina masihara. Unakula kwa mkono. Muuzaji wanamwita tantie, yaani shangazi, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Dakika ya 38 Troost-Ekong wa Nigeria akafunga kwa kichwa. Sijawahi kusikia mtaa mkubwa vile ukinyamaza kwa mpigo mmoja. Tantie aliacha kupepea moto, pepeo mkononi, samaki wakaungua upande mmoja na hakuna aliyelalamika. Mapumziko yote watu walikuwa wanaangalia viatu. Mzee wa kofia akatuambia tuhame meza, huenda sisi ndio wenye nuksi. Tukahama. Dakika ya 62 Kessié akasawazisha kwa kichwa, kona ya Adingra, na mzee akakataza mtu yeyote asituguse tena hapo tulipohamia. Dakika ya 81 Adingra huyo huyo akamimina krosi na Haller akanyoosha mguu, bao la pili. Kumbuka Haller mwaka 2022 alikutwa na saratani ya korodani, na mechi zote za makundi za AFCON hii alizikosa kwa jeraha. Pale maquis wanaume wazima walilia, na mimi Mtanzania nisiyedai chochote nilikuwa mmoja wao.

Baada ya filimbi barabara iliziba mara moja. Honi, masufuria, watu juu ya paa za gbaka, vile vidaladala vyao, bendera za chungwa, nyeupe na kijani kila dirisha. Tulicheza mpaka karibu alfajiri, na ugomvi niliouona ulikuwa mmoja, wa madereva wawili waliogongana vioo.

Sasa usalama. Tatizo kubwa ni usafiri, wahuni ni wadogo kando yake. Usiku wa ushindi gari hakuna, na lililopo haliendi. Waliokuwa wanakaa ng'ambo ya maji, Marcory na Treichville, walilala kwenye viti vya baa. Laleni mahali mnapoweza kurudi kwa miguu, hata kama chumba ni kibovu. Mtandao wa simu nao hulemewa, kwa hiyo kubalianeni mapema pa kukutania. Sisi tulichagua duka la dawa, kwa sababu maduka ya dawa kule yana msalaba wa kijani unaowaka na unaonekana toka mbali. Mwenzetu wa Bujumbura alibebwa mabegani na vijana akapotelea kwenye umati; tulimkuta pale pale chini ya msalaba, jezi hana, amevalishwa ya chungwa. Simu iwe mfuko wa mbele, bora usiitoe kabisa. Hela chukueni sarafu na noti ndogo za faranga, chenji Abidjan ni shida hata siku ya kawaida. Na msipande juu ya magari, niliona mtu akianguka.

Jambo jingine ambalo watu hawalitaji: angalieni aliyefungwa. Nusu fainali Ivory Coast walimtoa Congo 1-0. Kabla ya mechi wachezaji wa Congo walisimama kwenye wimbo wa taifa wameziba midomo kwa mkono mmoja na vidole viwili vya mkono mwingine pembeni mwa paji kama bastola, kwa ajili ya vita vya mashariki mwa nchi yao. Usiku ule tulipishana na Wacongo wa Goma na Bukavu, tukasikia Kiswahili, tukasimama. Wale vijana walikuwa na machungu yaliyozidi mpira. Tulizima kelele, tukawanunulia maji, tukaongea mpaka wakapata njia ya kwao. Ndugu zako wenyewe hao, usiwapitie na tarumbeta.

Gwaride la timu kesho yake mkilikosa msijute. Jua kali, kusimama saa nyingi, kombe linapita kwa sekunde chache huku umezibwa na mgongo wa mtu mrefu.

Kuhusu swali lako la mwisho, mvae jezi gani: nendeni na za Stars, tena chukueni za ziada. Ya kwangu nilibadilishana na mzee wa kofia ya chungwa, na alitaka yenye jina la Msuva. Bahati mbaya, jezi yangu haikuwa na jina, ikabidi tuandike kwa kalamu ya wino mzito mgongoni, naye akaridhika.