Unasoma kichina chuo? Futa safu ya kingereza kwenye daftari

Mwaka wa kwanza daftari langu la msamiati lilikua na safu tatu, herufi za kichina, pinyin (matamshi ya kichina yaliyoandikwa kwa herufi za kawaida a, b, c), alafu maana kwa kingereza. Darasa zima tulikua hivohivo maana vitabu vyenyewe vimeandikwa kichina na kingereza, na kamusi ya kwenye simu, mi nilikua natumia Pleco, nayo inakupa kingereza. Imenichukua karibu mwaka kugundua najitesa bure. Kichwa kinatoka kwenye kiswahili, kinazunguka kwenye kingereza, ndo kinafika kwenye kichina, na kikifika kimeshachoka.

Kwaiyo mdogo wangu uliyeripoti juzi, au unayetaka kuomba kozi ya kichina, ushauri wangu mkubwa ni huu: safu ya tatu andika kiswahili.

Chukua majina ya ndugu. Kwa kingereza bóbo ni anko, shūshu ni anko, jiùjiu nae anko, unakariri maanko watatu alafu kwenye mtihani unawachanganya wote. Sasa sema kiswahili. Bóbo ni baba mkubwa, shūshu ni baba mdogo, jiùjiu ni mjomba, gūgu ni shangazi. Imeisha! Wachina wametenganisha upande wa baba na upande wa mama, na mkubwa na mdogo, kama sisi, na sababu nayo ni ileile, kwenye ukoo kila mtu ana ngazi yake na heshima yake. Hapo umejifunza lugha na utamaduni kwa mpigo, na hicho kitu ulikua unakijua tangu unatambaa.

Au namba. 11 ni shíyī, shí ni kumi, yī ni moja, yani kumi na moja kabisa. Kwenye hela ndo uongeze umakini kidogo kwa sababu wao wana wàn, ambayo ni elfu kumi, sisi tuna laki. Simu ya laki tatu na nusu kwa mchina ni sānshíwǔ wàn, yani elfu kumi mara 35. Kila ukipita dukani soma bei kimoyomoyo kwa kichina mpaka uache kupiga hesabu za vidole.

Alafu kuna liàngcí, maneno yanayokaa kati ya namba na kitu, hapa ndo nawaonea huruma wanaopitia kingereza maana wanaona ni mzigo usio na maana. Vitabu vitatu ni sān běn shū, karatasi tatu ni sān zhāng zhǐ, samaki watatu ni sān tiáo yú, běn ni ya vitabu, zhāng ya vitu bapa, tiáo ya vitu virefu kama mto, barabara na huyo samaki. We ambae huwezi kusema "vitabu watatu" masikio yako yakakubali, unashangaa nini? Ni ndugu wa ngeli hao. Sio kitu kilekile, ila kichwa chako kimeshazoea kwamba kila kitu kina kundi lake.

Ila kuna sehemu kiswahili kinakuangusha na lazima niseme ukweli. Kubwa ni toni. Sisi tukimaliza sentensi sauti inashuka yenyewe, na kwenye kichina sauti ikishuka neno linabadilika. Kazi yangu ya kwanza ya ukalimani ilikua Kariakoo, mteja wangu anataka kununua mzigo kwa bei ya jumla, nikamwambia mwenye duka tā xiǎng mài. Kununua ni mǎi, sauti inazama. Kuuza ni mài, sauti inadondoka. Nimemwambia mteja anataka kuuza! Yule mchina akabaki anatuangalia mikono mitupu, nikarudia na kurudia mpaka nikaandika 买 kwenye karatasi, maana kuuza ni 卖, ina kimsalaba juu. Niliumia sana siku ile. Tangu hapo nimekua najirekodi kila siku dakika tano, najisikiliza, nalinganisha na sauti ya mwalimu. Usione aibu ya sauti yako, hakuna njia nyingine.

Na saa. Bā ni nane, ila bā diǎn asubuhi ni saa mbili. Mwalimu alituambia mtihani wa kuongea bā diǎn, mi nikajua ni saa nane, nikafika saa saba na nusu mchana nimechomekea vizuri, wenzangu wameshamaliza. Siku nazo hivohivo, xīngqīsān unaona sān ni tatu unasema Jumatatu, hapana, ni Jumatano.

Kuhusu HSK, ule mtihani wa kupima kiwango chako cha kichina, ntasema kidogo tu. Kwenye ule mpangilio wa zamani wa ngazi sita, ngazi ya 1 ilikua maneno 150, ya 2 ni 300, ya 3 ni 600, ya 4 ni 1,200, yani kila ukipanda mzigo unaongezeka mara mbili, ndo maana wengi walikua wanakata tamaa katikati. Usisubiri ufike huko ndo ubadilishe namna ya kusoma. Na kama upo karibu na Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Confucius ya pale, inayofundisha kichina, ipo tangu 2013, nenda ukawasikilize watu wakiongea hata kama bado hujajiunga na chochote.

Mwisho, tafuta wazee. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, watanzania na wazambia wakifanya kazi bega kwa bega na wachina, na baadhi ya wale wachina wamezikwa hapahapa Gongo la Mboto. Mtaani kwetu Yombo kuna mzee alikua kibarua kwenye reli ile. Namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, alafu anauliza chīfàn le ma, umekula? Pinyin hajawahi kuiona, kingereza hajui, alifundishwa na watu wa kambini kwa sikio tu, na toni zake zimenyooka kuliko za darasa letu zima mwaka wa kwanza. Nimemuomba nimrekodi, akakubali. Dakika nne na kidogo. Ndo nnayosikiliza kwenye daladala kila asubuhi.