Mumeo Aliona Uvimbe, Wewe Ukaona Dharau

Mwanangu, barua yako nimeisoma yote, hata yale uliyoyapitia haraka haraka. Unasema una miaka 38 na watoto wawili, na tangu ujauzito wa pili miguu yako imetambaa vishipa vyembamba, vyekundu na vya samawati. Mumeo amekataa kutoa fedha za kuviondoa kwa leza, ukimwonyesha anajibu, "Mimi wala sivioni." Mama yake naye, kwa maneno yako, "alinikejeli" alipokuonyesha vya kwake. Basi ukachota kwenye akiba yenu kimya kimya, ukaenda saluni ukapigwa leza, na sasa miguu ina madoa meusi. Unataka Shangazi akufundishe maneno ya kumlainisha mume agharamie awamu ya pili, ambayo saluni imekupangia baada ya wiki mbili.

Pole kwa madoa. Maneno ya kumlainisha sikupi, kwa sababu mumeo ndiye aliyesema la maana katika barua nzima.

Katikati ya malalamiko umechomeka sentensi moja: jioni miguu inakuwa mizito, viatu vinabana, na mumeo "alileta habari za hospitali ili akwepe gharama." Mwanangu! Mtu anayekuambia havioni vishipa, lakini ameona miguu inavimba, huyo anakutazama. Hakutazami unavyotaka utazamwe, basi.

Vishipa hivyo vyembamba, ambavyo kwa kawaida havifiki hata upana wa milimita 1, vyenyewe havidhuru. Huwapata wengi, hasa wenye asili hiyo katika ukoo, waliozaa, na wanaofanya kazi ya kusimama kutwa. Lakini miguu inayovimba na kulemea ni habari nyingine. Ndani ya vena zinazopandisha damu kuelekea moyoni kuna vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Zikilegea, damu hutuama, presha hupanda, na vishipa vya juu hutanuka. Ukivichoma hivyo vya juu na kuacha chanzo, unapaka rangi ukuta ambao bomba linavuja ndani yake. Daktari wa mishipa hupima miguu kwa ultrasaundi akaona damu inavyokwenda, bila hata kukuchana. Tena uvimbe wa miguu yote miwili unaweza kutokana na moyo au figo. Na ukivimba mguu mmoja ghafla, ukauma na kupata joto, usiandikie gazeti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda ndani.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha nyuma ya urembo.

Sasa hayo madoa. Mwanga wa leza unakusudiwa unaswe na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ugeuke joto, uharibu ukuta wa kishipa, kisha mwili ukiondoe taratibu kwa wiki na miezi. Lakini melanini, rangi ya ngozi, nayo hunasa mwanga. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo inavyokula joto lisilokuwa lake, hasa kwa leza za mawimbi mafupi kama ya nanomita 532. Kwa ngozi kama zetu wanaojua kazi hupendelea leza iitwayo Nd:YAG, ya mawimbi marefu ya nanomita 1064, inayopita ndani zaidi na kunaswa kidogo na melanini. Hata hiyo, mikononi mwa asiyejua, huunguza. Ulipoambiwa mashine yao "inafaa ngozi zote," hukuuliza ni leza gani wala nani anaishika. Na kukurudisha baada ya wiki mbili, juu ya ngozi ambayo haijapona, ni haraka ya kutafuta fedha yako. Mtaalamu husubiri wiki kadhaa, mara nyingi miezi, aone kilichobaki. Tena kwa vishipa vya miguuni madaktari wengi huanza na sindano ya dawa inayovifunga, na leza huwekwa kwa vile vyembamba mno au kwa anayeogopa sindano. Saluni hawakukuambia kwa sababu sindano hawana.

Mama mkwe wako nakataa kabisa kumhukumu. Mwanamke wa umri ule hafunui miguu yake mbele ya mtu anayemdharau. Alikuwa anakuambia hauko peke yako, ukamsikia vibaya kwa sababu masikio yako yalikuwa kwa yule rafiki "aliyefanya na akapendeza." Umemtaja huyo rafiki kuliko ulivyowataja watoto wako. Nani anakuhesabia vishipa, mumeo au yeye?

Hapa niseme na wengine pia. Ndoa za siku hizi tunazipima kwa wepesi wa mtu kutoa fedha na utamu wa sifa zake. Mume akiuliza, "Umemwona daktari?" anaitwa bahili, akitoa bila kuuliza anaitwa mwenye mapenzi, hata kama anatoa ili umwondokee. Tunatazama picha za miguu iliyosafishwa kwenye simu, kisha tunamchukia mtu wa nyumbani kwa kutoshtuka tunavyoshtuka sisi. Na akiba ya wawili ikiguswa na mkono mmoja gizani, hata kiwe kiasi kidogo, mwenzako ataanza kuhesabu na vingine.

Kutaka kupendeza si kosa, na miguu ni yako. Daktari akikupima akasema ndani pako salama, na madoa yakishafifia, fanya ukitaka, kwa daktari wa ngozi atakayejaribu kwanza sehemu ndogo. Jikinge na jua, na ujue vipya vinaweza kutokea baadaye. Kama mnapanga mtoto mwingine, subiri. Ujauzito huleta vingine, na baadhi hufifia vyenyewe baada ya kujifungua.

Awamu ya pili ifute leo. Usiku, watoto wakishalala, mwambie mumeo kiasi ulichotoa kabla hajakigundua mwenyewe. Usianze na madoa ili akuonee huruma, anza na fedha. Kisha mwombe akusindikize hospitali, kule alikokutaka uende tangu mwanzo.