Fizi zinavimba na kutoa damu kila wakati, dawa za kemisti hazisaidii. Nifanye nini?

SWALI: Daktari habari. Niko na miaka 16, niko bodingi huku Nakuru. Karibu mwaka mzima sasa fizi za mbele zimevimba, nikipiga mswaki natema damu, mpaka siku hizi hapo naparuka tu. Kemisti alinipa amoksilini na metro (metronidazo), zile za kuua bakteria, zikapoa kidogo halafu zikarudi vile vile. Pia meno yangu ni ya kahawia tangu nikiwa mdogo kwa hivyo mengine nasugua sana, shosho akasema nitumie makaa. Ni maji ya huku yanaharibu fizi? Na niache dawa ya meno yenye floraidi?

JIBU: Poa sana kijana wangu. Wacha nianze na maji, juu hapo ndio watu wengi wa Nakuru huchanganya. Maji ya bohoo, yaani visima virefu vya kuchimbwa, huku Bonde la Ufa mara nyingi yana madini ya floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kama kikomo, na mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya taya, yanatoka na madoa. Hayo madoa yako ndani ya jino lenyewe, si uchafu, na hayavimbishi fizi. Ndio maana unasugua na hayatoki, na hayatatoka hata umalize gunia nzima la makaa, kitu utatoa ni ganda la jino na ngozi ya fizi. Makaa mwachie shosho achomee mahindi. Dawa yenye floraidi usiache, kwa umri wako meno yamemaliza kujengeka isipokuwa magego ya mwisho, haiwezi kukuongezea madoa na inakukinga meno yasitoboke. Wenye wa kuangaliwa maji ni wadogo zako nyumbani, wakipata ya mvua wanywe hayo, na msidhani kuchemsha kunatoa floraidi, maji yanapungua lakini floraidi inabaki.

Sasa fizi. Kinachozivimbisha ni ukoga, ule utando laini uliojaa bakteria unaokaa pale jino linapoingia kwa fizi. Ukiuacha siku kadhaa unashika madini ya mate na kuwa mgumu, kama ile chokaa inagandia ndani ya birika la chai, na ukishafika hapo mswaki hauutoi tena. Jaribu hii: pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukisikia kama ukuta mmoja unaparuza badala ya jino moja moja, ndio huo. Alafu simama kwa kioo uangalie ile pembe ya nyama katikati ya meno mawili. Ikiwa nzima imechongoka na imebana jino, ikivimba inakuwa ya mviringo, inang'aa, na imeiva wekundu. Weusi wa kawaida wa fizi zetu usikutishe, hiyo ni rangi tu.

Hapo unaona kwa nini dawa za kemisti zilikupa nafuu ya muda. Zilipunguza bakteria wakati unameza, lakini ukoga mgumu ulikuwa pale pale, na wengine wakapanda juu yake tena. Usinunue dozi nyingine. Umri wako pia unachangia, homoni za kubalehe hufanya fizi zishtuke sana kwa uchafu kidogo tu, kwa hivyo usione aibu ati wewe ndio mchafu kuliko wenzako.

Kitu kimoja unafanya kinazidisha: kuruka pale panapotoa damu. Mwaka wa 1965 huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaambia watu 12 wenye fizi nzuri waache kusafisha meno, na ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Waliporudi kusafisha zikapona kwa kama wiki moja hivi. Damu inakuonyesha mahali pa kusafisha, basi.

Likizo hii mwambie mzazi akupeleke klinki ya meno ufanyiwe skelingi, yaani ukoga wote mgumu utolewe kwa mashine, juu na chini ya fizi. Hospitali kubwa ya kaunti, ile wengi bado wanaita PGH, iko na idara ya meno. Ukitoka hapo chukua mswaki laini, uinamishe nywele zake ziguse jino na fizi pamoja, usukume kidogo kidogo kwa dakika mbili, asubuhi na usiku, bila nguvu. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Siku za kwanza damu itatoka, endelea tu. Maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chumvi ni sawa kusukutua, lakini hayatoi ukoga. Ile ya kusukutua ya klorheksidini usipitishe wiki mbili bila kuambiwa, inapaka meno kahawia na wewe hiyo rangi tayari unayo ya kutosha.

Kama wiki mbili tatu baada ya kusafishwa bado zinavuja, rudi. Watapima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kikiingia zaidi ya 3 wataangalia mfupa kwa eksirei, kwa sababu kuna ugonjwa wa vijana unaokula mfupa haraka kwa meno ya mbele na magego ya kwanza, hata ukoga ukiwa kidogo, na hutembea kwa familia. Usingoje likizo kabisa ukiona jino linatikisika, usaha, fizi zenye vidonda vya kijivu na maumivu makali, ama damu inatoka puani na michubuko inajitokeza ovyo mwilini. Kiu isiyoisha na kukojoa kila saa pia sema, watapima sukari. Na kama unameza fenitoini ya kifafa waambie mapema, hiyo dawa yenyewe hukuza fizi, lakini usiiache kivyako.