Shairi la kisasa likikuvuruga, mfuate kwanza anayesema "mimi"

Watu wakishajua we ni mpenzi wa mashairi wanakutumia lolote lililowashinda, na swali huwa lile lile, eti hapa anamaanisha nini, na kwangu mengi yanayoletwa ni haya ya kisasa ambayo mtu anaamka sio yeye, mwili uko huku roho iko kule, jina limebaki ila mwenye jina haeleweki yuko wapi. Ushauri wangu ni mmoja tu. Acha kwanza kutafuta maana, tafuta nani anasema "mimi" na huyo mimi anabadilika kwenye mstari gani. Mi nimeona maana ikija nyuma ya hapo yenyewe, na hata isipokuja unakuwa na kitu mkononi.

Najua kwa nini watu wanakwama. Wengi tumefundishwa shairi kwa kuhesabu, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, kibwagizo, basi. Kanuni hizo nzuri na mi nazipenda, Amri Abedi alizipanga vizuri kwenye kitabu chake cha 1954, halafu 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, watu wakabishana sana kama yale ni mashairi kweli. Ubishi ulishapoa ila tabia ya kuhesabu tunayo, kwa hiyo mtu akifungua shairi huru akakuta hakuna cha kuhesabu anarukia ujumbe moja kwa moja, anasema "hili la kifo" au "huyu ameokoka", anafunga kitabu.

Ngoja tufanye kwa mfano. Haya nimeyatunga mwenyewe ili nisimsingizie mtu:

*Ni nani huyu aliyevaa kiganja changu?*
*Alfajiri nilimkuta kiooni ananinyoa ndevu.*
*Mwili akasema: we nenda, nitabaki na watoto.*
*Roho ikafunga mlango taratibu,*
*tukacheka.*
*Sasa mnaniita jina lile lile, naitika,*
*lakini sauti*
*inatoka kwa jirani.*

Chukua penseli uzungushie viambishi vya nafsi peke yake. Ndio, sarufi ile ile iliyokuchosha darasani, hapa ndio inalipa. Kuna ni-, kuna a-, kuna tu-, kuna m-. Sasa angalia mstari wa tatu, "mwili akasema". Kwa kawaida tungesema mwili ukasema, lakini hapa umepewa a- ya mtu, yaani umepandishwa cheo, unaongea, unatoa amri na unajitolea kulea. Halafu roho inayofuata imebaki na i- yake, "ikafunga", kama kitu tu. Tumezoea kuambiwa mtu mwenyewe ni roho na mwili ni nguo yake, hapa imegeuzwa, mwili ndio mtu na roho ndio inayotumwa mlangoni. Kama uliruka kwenye ujumbe hukuiona hiyo, na mimi nadhani shairi zima limekaa hapo.

Ukishafika hapo ndio falsafa inakuwa na kazi, sio mapema. Mfano mwanafalsafa Mwingereza John Locke mwaka 1694 alitoa kisa cha roho ya mwana wa mfalme kuhamia kwenye mwili wa fundi viatu ikiwa na kumbukumbu zake zote, akasema huyo ni yule yule mwana wa mfalme kwa sababu mtu anafuata kumbukumbu zake, hafuati mwili. Sasa weka hicho kisa pembeni ya vile vimistari vyetu uone vinavyombishia, maana hapa anayebaki na watoto, anayejua nyumba na majukumu, ni mwili, na aliyefukuzwa ni huyu "mimi" anayetusimulia. Hivo ndivyo nadharia inavyosaidia, inakuonyesha shairi linagoma wapi. Ukianza na nadharia utalazimisha shairi likubaliane nayo.

Kitu kingine, nyakati. Vitendo vinakuja na -ka-, akasema, ikafunga, tukacheka, kimoja baada ya kingine bila sababu yoyote kutajwa, mpaka "sasa mnaniita". Mabadiliko yameshapita na hakuna aliyeelezwa kwa nini, na huyo "mnaniita" ni nani, ni sisi tunaosoma au ni ndugu zake? Mi huwa napaacha wazi pale. Na mstari mshata "lakini sauti", umekatwa kabla haujaisha, ukiusoma kwa mdomo unabaki sekunde moja na sauti isiyo na mwenyewe, kwa hiyo tafadhali soma kwa mdomo, macho peke yake yanarukaruka.

Sasa kuna hili linaloniudhi, kuchanganya nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, na mshairi mwenyewe. Mshairi kaandika "mwili wangu umenikana", basi wasomaji wanaanza kumchunguza anaumwa nini, kabadili dini, kaachika? Mshairi Mfaransa Rimbaud akiwa na miaka 16 tu, mwaka 1871, aliandika kwenye barua kwamba mimi ni mwingine, na Fernando Pessoa wa Ureno akaenda mbali zaidi, alijitungia washairi kamili, Alberto Caeiro, Ricardo Reis, Álvaro de Campos, kila mmoja na maisha yake na mtindo wake wa kuandika, sasa hapo utamchunguza yupi? Maisha ya mshairi yanaweza kusaidia, sikatai, ila yaje mwisho.

Kama unajibu swali la mtihani, usiandike "shairi hili linahusu utambulisho" ukaishia hapo, kila mtu ataandika hivyo. Andika ni mstari gani nafsineni inapasuka na ni neno gani limeipasua, toni ikoje pale, kisha ndio dhamira. Tukio la kucheka kwa mfano, "tukacheka", tu- ni nani na nani? Kuna rafiki yangu nilimsomesha vimistari hivi akashikilia kwamba ni mtu mgonjwa anaaga, nikambishia kwamba mgonjwa hacheki hivyo, akaniambia "nitabaki na watoto" ni maneno ya mtu anayeaga tu, hakuna mwingine anayeyasema. Sijakubali. Ila aliyesema nitabaki ni mwili, na mgonjwa kinachomwondoka kwanza ni huo mwili, kwa hiyo mpaka aniambie hapo inakuwaje mi bado niko upande wangu.