Koko akipiga, mjibu kwa Kibembe

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 18, nasoma kidato cha tatu hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Sisi ni Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Shuleni ni Kiingereza, nyumbani Kiswahili. Koko yangu, yaani bibi, yuko kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Akipiga simu huongea Kibembe. Namwelewa, ila ulimi unakuwa mzito, namjibu Kiswahili. Jumapili alimwambia mama, "Leo nimeongea na mgeni." Nililia. Mimi ni Mbembe kweli?*

Marahaba, binti yangu.

Neno hilo "mgeni" limenikaa kooni. Lakini koko hakukutukana. Aliacha shamba na makaburi ya wazee wake Fizi. Kibembe ndicho alichoweza kubeba, na anaogopa kubaki nacho peke yake.

Wewe ni Mbembe. Na lugha unayoielewa hujaipoteza, umeionea haya tu.

Hapo Kakuma, mwaka 2002, waliletwa Wazigua kutoka Somalia, wengi wao wakaendelea hadi Marekani. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka huku kwetu Tanga, wakaishia bonde la mto Juba. Vita vya 1991 vilipowakimbiza, Kizigua kilikuwa bado midomoni mwao! Hakuna shule iliyowafundisha. Kilisemwa jikoni na shambani, basi.

Kiingereza usikiache, mtihani wako uko humo. Ila Jumapili hii, kabla simu haijalia, mwombe mama akufundishe kumwamkia koko vizuri kwa Kibembe, na namna ya kusema, "Nikikosea nisahihishe, usihamie Kiswahili." Kisha muulize sombe yake, yaani kisamvu, anaipikaje: anachuma majani yapi, anatwanga mpaka yaweje, mawese anatia saa ngapi. Umwombe ruhusa umrekodi. Jioni sikiliza tena huku unapika, ukisema naye. Utashangaa vitenzi vinavyorudi. Akicheka matamshi yako, mwache acheke, amekaa miaka mingi bila mjukuu wa kumcheka.

Mama naye nina neno naye. Wazazi wengi ugenini huifanya lugha ya kwao kuwa ya siri, ya kuongelea madeni na ugomvi watoto wasisikie. Kama ndivyo kwenu, mwambie kwa adabu kwamba Kibembe hicho cha siri ndicho unachokitaka. Hata nusu saa wakati wa kula inatosha kuanzia.

Niandikie Jumatatu uniambie koko amejibu nini.

Shangazi yako